Dakika Saba za Mheshimiwa

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Mheshimiwa mbunge alizungumza na watu wa jimbo lake redioni kwa dakika saba, na kwa miaka tisa hiyo hakuandika hata nukta yake mwenyewe. Maneno yalitoka kwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekaa chumba cha pili kushoto ukitoka kwenye lifti. Ofisi nzima ilimwita Kalamu. Jina alipewa na Mheshimiwa mwenyewe, siku ile bibi mmoja alipomkamata mkono sokoni akamwambia, "Mwanangu, juzi redioni umenitoa machozi." Mheshimiwa alirudi ofisini, akasimama mlangoni hata kabla ya kuweka mkoba chini, akasema, "Kalamu yangu, umemliza mtu." Maneno hayo yalimshibisha Kalamu mwaka mzima.

Barua ya wiki, ndivyo walivyoyaita mazungumzo hayo ya redioni, ilikuwa na mwendo wake. Jumatatu Kalamu alifungua malalamiko ya wapiga kura na kuyapanga kwa mafungu: maji, shule, barabara, na fungu la wale wanaoandika ili tu waandikiwe. Jumanne alikaa kiti cha nyuma kwenye kamati. Jumatano kilikuwa kipindi cha maswali kwa mawaziri, Alhamisi miswada na kura. Ijumaa asubuhi aliandika, na saa sita mchana Mheshimiwa alirekodi. Shingoni Kalamu alining'iniza saa ya kupimia mbio, ile wanayotumia walimu wa michezo, kwa sababu dakika saba ni dakika saba. Redio ya jimbo haikuwa na huruma. Ikigonga ya saba na sekunde moja, linaingia tangazo la magodoro. Mwaka wa kwanza Mheshimiwa alikatwa katikati ya sentensi, "Na kuhusu wajane wetu, ninawaahidi," na godoro likadakia likiwaahidi usingizi mnono. Wajane walicheka mwezi mzima, na baadhi yao wanacheka hadi leo.

Tangu siku hiyo Kalamu akapewa mamlaka ambayo hata katibu wa ofisi hakuwa nayo: kukata. Akikata yeye, kimekatwa. Mheshimiwa hakusoma rasimu. Alisoma karatasi ya mwisho, tayari yuko mbele ya kipaza sauti, kwa imani ya mtu anayekunywa dawa aliyopewa na mama yake.

Msikilizaji wa kwanza wa Kalamu alikuwa dada yake. Dada huyu aliishi ule mji wa mpakani, hatua chache kutoka darajani, na ndiye pekee jimboni aliyejua nani anaandika. Jumamosi saa tatu na dakika nane simu ililia, na dada akatoa hukumu: hapa ulipendeza, hapa uliwapaka wakubwa mafuta. Hakuipenda redio kwa ajili ya burudani tu. Mume wake aliugua figo, na Jumanne na Ijumaa ilibidi wavuke daraja kwenda hospitali ya nchi jirani akasafishwe damu kwa mashine. Upande wetu mashine iko mbali, safari ya kutwa nzima. Ng'ambo ni nusu saa. Kwa hiyo kila lililohusu daraja, dada alilisubiri kwa Kalamu. Matangazo ya serikali hakuyaamini. "Ukisema wewe, limesemwa," alikuwa akimwambia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka alipoletwa Balozi.

Balozi hakuwahi kuwa balozi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za ubalozi nchi tatu nne, akigonga mihuri na kuandika barua za mabwana zake, kisha akastaafu na kurudi nyumbani na suti sita na tabia ya kusimama kila mwanamke anapoingia chumbani. Mwaka ule Mheshimiwa alipangiwa Kamati ya Mambo ya Nje, na mambo ya nje hakuyajua. Alikuwa mkunga kabla ya siasa. Alijua kuzalisha, alijua kugomba, alijua jimbo lake mtaa kwa mtaa. Akamwita Balozi.

"Kalamu," Mheshimiwa alisema Jumatatu ile, "huyu mzee atatusaidia. Mambo ya ndani ni yako kama zamani. Ya nje ataandika yeye, wewe utaunganisha. Dakika nne kwako, tatu kwake."

"Hamna shida, Mheshimiwa," Kalamu akasema. Ndani yake kitu kilikunja ngumi.

"Karibu mzee," akamwambia Balozi, akampa mkono.

"Nimeshakaribia, bibie. Kazi zako nimezisoma. Zote." Akasema hivyo akiwa amesimama wima, na ilikuwa kweli, maana baadaye alitaja barua moja ya miaka minne nyuma kuhusu paa la zahanati. Kalamu alitamani angekuwa mnafiki. Mnafiki anachukika vizuri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona, alianza kuumwa. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kupitia ukuta ule Kalamu alianza kusikia kicheko. Mheshimiwa ana vicheko viwili: cha bungeni, kifupi na kikavu, na kingine cha tumboni, kinachoishia na kikohozi. Hicho cha pili kwa miaka tisa kilisikika chumba cha pili tu ukitoka kwenye lifti. Sasa kilisikika cha tatu. Kalamu aliacha kuandika, akasikiliza, akahesabu. Mara mbili Jumanne. Mara tatu Jumatano. Anamwambia nini huyu mzee? Mambo ya itifaki na mikataba, kuna cha kuchekesha hapo?

Akaanza kuona kila kitu cha mzee huyo. Namna anavyomenya chungwa, ganda likitoka moja bila kukatika. Namna anavyowauliza wafagiaji habari za watoto wao kwa majina. Kalamu alikuwa na wafagiaji wale miaka tisa na hakujua kama wana watoto. Sasa hata kuwauliza hakuweza, ingeonekana anaiga.

"Kalamu, siku hizi wino unakauka?" dereva wa Mheshimiwa alimtania siku moja kwenye ngazi. "Naona mama anapita mlangoni kwako moja kwa moja."

"Kaendeshe gari," Kalamu akamjibu. Lakini neno lilimchoma, kwa kuwa alikuwa ameshaliona kabla ya dereva.

Ilikuwa miezi miwili baadaye, Ijumaa, wiki iliyokuwa na mambo mengi kupita kiasi. Ndani: Mheshimiwa alikuwa amembana waziri wa elimu kwa swali la madawati, akamfanya akiri kwamba shule kumi na nne za jimbo watoto wanakaa chini. Kalamu ndiye aliyeandika swali lile, na swali la nyongeza, na hata lile la kumtegea waziri akikwepa. Nje: Kamati ilikuwa imemaliza kujadili makubaliano na nchi jirani kuhusu mpaka. Kalamu aliandika aya zake kuhusu madawati tangu alfajiri, na alijua zimetoka vizuri. Kulikuwa na mtoto mmoja ndani yake, anayeandika huku ameweka daftari mgongoni kwa mwenzake. Aya ile ingemliza mtu.

Saa nne Mheshimiwa aliingia na karatasi za Balozi mkononi.

"Kalamu, leo tuanze na mambo ya nje."

Kalamu alidhani hakusikia sawasawa. "Tuanze nayo?"

"Soma mwanzo wake, utaona. Mzee ameniacha hoi. Kisha tutie madawati." Akaweka karatasi mezani. "Yeye nimemtuma kwenye ule ugeni wa wabunge wa jirani, atakuwa nao mpaka Jumatano. Malizia wewe."

Hakukaa. Mlango ukajifunga wenyewe polepole, kama inavyofanya milango ya ofisi za umma.

Kwa miaka tisa barua ilikuwa imeanza na mambo ya nyumbani. Haikuwa sheria, ilikuwa zaidi ya sheria. Ilikuwa namna ya Kalamu ya kuanza kuongea. Alivuta karatasi akasoma. "Jirani si yule ambaye nyumba yake iko karibu na yako. Jirani ni yule ambaye unaweza kumgongea mlango wakati huna la kumpa."

Alisoma mara mbili. Ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipouma. Ingekuwa mbovu angemsamehe mzee, angemrekebishia koma zake na kumheshimu siku zote. Lakini sentensi ilikuwa nzuri, nyepesi, na ilisikika kabisa kama sauti ya Mheshimiwa. Mtu wa miezi miwili ameipata sauti ambayo yeye aliitafuta miaka. Wivu ulimpanda Kalamu mpaka kwenye masikio, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Akaunganisha vipande viwili, akavisoma kwa sauti, saa ya mbio mkononi. Dakika saba na sekunde arobaini. Zikatwe arobaini.

Palikuwa na aya mbili za kukata, na zote mbili zilimtazama. Moja ni aya ya mtoto na daftari. Ya pili ni aya ya mwisho ya Balozi, iliyosema hivi: "Makubaliano mapya ya mpaka yanaanza kutumika Jumatatu. Wagonjwa wanaotibiwa ng'ambo hawatavuka tena kwa kitambulisho peke yake. Watahitaji kibali cha matibabu, kinachotolewa bure na ofisi ya wilaya. Anayetarajia kuvuka wiki ijayo asisubiri, akakichukue mapema." Baada ya hapo zilikuwepo sentensi mbili za kuishukuru serikali ya jirani.

Kalamu aliielewa aya ile. Asije mtu akasema hakuielewa. Kazi yake ilikuwa kuelewa. Alijua pia kwamba ya mtoto na daftari ingeweza kungoja wiki moja, madawati hayakuwa yanakwenda popote. Mkono ulikuwa na kalamu nyekundu. Akaufikiria mwanzo ule wa jirani, ukiwa mbele kabisa ya barua, na Mheshimiwa akiusoma kwa sauti yake ya tumboni. Mwanzo wamempa yeye. Na mwisho nao wampe? "Darajani watabandika tangazo," alijisemea, na akapiga mstari mwekundu juu ya aya nzima, kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Akasoma tena. Dakika sita na sekunde hamsini na nane. Rasimu yenye mstari akaiweka kwenye faili, kama alivyozoea kuweka zote.

Saa sita Mheshimiwa alirekodi. Alipofika kwa mtoto na daftari sauti ilimtetemeka kidogo, na Kalamu, nyuma ya kioo, alifurahi. Ilikuwa furaha fupi, kwa sababu alipotoka Mheshimiwa alisema, "Ule mwanzo wa mzee, ee? Umenikaa moyoni."

Jumamosi saa tatu na dakika nane dada akapiga.

"Mdogo wangu, leo umenimaliza."

"Mtoto na daftari?"

"Yule naye. Lakini mimi ule mwanzo. Jirani ni yule unayemgongea huna la kumpa. Shemeji yako amenikodolea macho akasema, mdogo wako huyu apewe uwaziri. Hiyo ndiyo kalamu yako, ninaijua hata nikiwa usingizini."

Kalamu alijua si yake. Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu.

"Asante dada," akasema.

Wakaongea mengine. Shemeji alikuwa anakula vizuri, miguu imepungua kuvimba. Jumanne watavuka kama kawaida. Dada alilisema hilo waziwazi, Jumanne tutavuka, na Kalamu aliitikia haya, vizuri, msalimie, huku kichwani akiwa bado na ile sentensi ya jirani, akiigeuza huku na huku atafute ina kasoro gani. Hakuipata kasoro. Simu ikakatika.

Jumanne saa tatu na nusu alikuwa kiti cha nyuma kwenye kamati, mwenyekiti akilumbana na mhandisi kuhusu pampu, simu ilipotetema mapajani. Akatoka kwenye korido.

"Tuko darajani," dada alisema. Nyuma yake palisikika watu wengi na honi. "Askari anasema kibali. Kibali gani? Anasema tangu jana. Tangazo ndiyo wanalibandika sasa hivi, gundi bado mbichi! Tumerudishwa wagonjwa sijui wangapi. Kuna mama hapa ana mtoto mgongoni analia, yeye na mtoto wote wanalia."

Kalamu aliegemea ukuta.

"Ofisi ya wilaya," akasema. "Nendeni ofisi ya wilaya, wanatoa bure."

"Kwa hiyo unajua!" Kisha dada akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya zaidi: "Sasa mbona hukutuambia?"

"Dada, mambo ya nje siandiki mimi siku hizi. Kuna mtu mpya."

"Mtu mpya?"

"Mzee mmoja wa ubalozi. Yeye ndiye mwenye mambo ya mpaka."

"Amesahau?"

Mhandisi wa pampu alipita akamsalimia kwa kichwa. Kalamu akamsubiri apite.

"Nadhani amesahau," akasema.

"Mungu amsamehe, mimi sijui kama nitaweza," dada akasema. "Haya, tunakimbia wilayani."

Walikimbia, na mia mbili wengine walikimbia. Ofisi ya wilaya ilikuwa na karani mmoja na muhuri mmoja. Kalamu alipiga simu kwa kila mtu aliyemjua kule, akatumia jina la Mheshimiwa bila ruhusa mara nne, na bado kibali cha shemeji kilitoka Jumatano jioni, baada ya daraja kufungwa. Mgonjwa wa figo hasubiri kama mtu anayesubiri fundi. Maji yalimjaa. Alhamisi alfajiri walimvusha amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, anavuta pumzi kama anainua mzigo, na hospitali ya ng'ambo wakamweka kwenye mashine ya figo na ya hewa kwa pamoja. Dada alituma ujumbe mfupi: Wamempokea. Hatujui.

Saa mbili asubuhi hiyo hiyo Mheshimiwa aliwaita wote wawili. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kura, na kengele ya kuwaita wabunge ukumbini ingeweza kulia wakati wowote. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, hajakaa, mikono juu ya rundo la karatasi za simu zilizopigwa.

"Kila wiki nawaambia watu mambo ya bungeni," akasema. "Naongea habari za pampu, madawati, marafiki wa nje. Jambo moja la kuokoa maisha ya mtu wiki nzima nilikuwa nalo, moja tu, na sikulisema. Nilikuwa kwenye kamati ile! Nilinyoosha mkono kuyapitisha makubaliano! Nilidhani limo kwenye barua, hata sikuangalia. Nani ananieleza?"

Kalamu alilikumbatia faili lake la rasimu. Balozi alisimama. Alikuwa amerudi kutoka kwa wageni wake jana yake, na Kalamu alijua kwamba mzee ana nakala ya rasimu yake nyumbani, yenye aya nzima, kila neno. Alingoja aiseme. Alikuwa hata amejiandaa kuikana.

"Kosa ni langu, Mheshimiwa," Balozi akasema.

Kalamu akageuka.

"Nililiweka mwisho kabisa, mahali ambapo vitu hukatwa," mzee akaendelea, taratibu, bila kumtazama yeyote isipokuwa Mheshimiwa. "Jambo kama lile lilitakiwa liwe mwanzo. Mimi mwanzo niliuchezea maneno mazuri. Lawama zije kwangu."

Nafuu ilimshukia Kalamu kama maji ya kuoga. Amepona. Hakuna atakayejua, wala Mheshimiwa, wala dada. Akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumanne. Kisha akamtazama Mheshimiwa, na laiti asingemtazama.

Hasira ya Mheshimiwa ilikuwa inayeyuka. Mabega yalimshuka. Alimtazama mzee kwa macho ambayo Kalamu aliyajua, yale macho ya siku ile ya bibi wa sokoni, lakini makubwa zaidi. "Miaka tisa niko katika jengo hili," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini. "Nimeona mawaziri, nimeona maspika. Mtu mzima anayesimama akasema kosa ni langu sijamwona hata mmoja. Wewe ndiye wa kwanza."

Wivu, kijicho, kijiba cha roho, liite utakavyo. Lilimpanda Kalamu upya. Mwanzo wa barua amechukua. Kicheko amechukua. Na sasa hata hili, hata kosa, kosa ambalo yeye Kalamu amelifanya kwa mkono wake mwenyewe, mzee huyu amelichukua na amependeza nalo! Anavaa kosa la mwenzake na linamkaa kama suti zake!

"Si lake!" Kalamu akasema, kwa sauti iliyowashtua wote watatu. Alikuwa ameshafungua faili, anachakura. "Mzee, hilo si lako. Nirudishie. Ni langu mimi." Akaitupa rasimu mezani, mstari mwekundu ukaonekana hata kwa aliyekaa mbali. "Aliandika. Hii hapa, nzima. Nilisoma nikaelewa. Nikaikata."

Mheshimiwa alisoma aya ile kimya. Alichukua muda mrefu kuliko aya ilivyohitaji.

"Kwa nini?"

"Zilizidi sekunde arobaini."

"Sikuulizi sekunde. Hapa juu kuna madawati, kuna salamu, kuna mimi najisifu robo ukurasa. Nauliza kwa nini hii."

"Kwa sababu ilikuwa yake," Kalamu akasema.

Balozi aliinamisha kichwa. Kengele ya kura ikaanza kulia, ile kengele ndefu inayopita korido zote na kuwafanya watu wazima wenye vitambi wakimbie. Mheshimiwa alichukua mkoba wake. Mlangoni akasimama, mahali pale pale ambapo husimama.

"Barua ya kesho ataandika mzee," akasema. "Na saa hiyo, mpe." Akaondoka kupiga kura.

Kalamu alivua saa ya mbio shingoni. Balozi aliipokea kwa mikono miwili, akataka kusema jambo, akaona heri asiseme. Hata kunyamaza alinyamaza vizuri, na Kalamu aliliona hilo pia, na lilimuuma pia.

Alirudi chumbani kwake akakaa. Ajabu ni kwamba kwa kitambo alijisikia mwepesi, karibu mshindi. Amesema kweli mbele ya mbunge. Mzee amenyang'anywa lile pambo lake. Ikamjia kwamba amebakiza mtu mmoja wa kumwambia, na akiwa bado na ule wepesi alipiga simu, kwa ujasiri wa mtu ambaye ameshazoea kutubu.

"Dada. Shemeji vipi?"

"Amefumbua macho." Sauti ya dada ilikuwa imechoka mpaka imekuwa nyembamba. "Daktari anasema moyo umepata mshtuko, hawezi kusema utarudi kama zamani. Lakini amefumbua."

"Dada, nisikilize. Yule mzee hakusahau. Aliandika kila kitu. Mimi ndiye niliyekata."

Upande wa pili palisikika mashine ikilia kwa vipindi, na viatu vya mtu akipita.

"Ulikata," dada akasema. "Uliisoma kwanza?"

"Niliisoma."

"Ilisema wagonjwa wa ng'ambo?"

"Ilisema."

"Na Jumamosi nikakwambia Jumanne tunavuka. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, dada." Hapo Kalamu akaanza kulia, na akatafuta neno la kujitetea, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameanza kusema kweli, kweli ndiyo iliyotoka. "Sikukufikiria wewe kabisa. Nilikuwa namfikiria yeye."

Dada hakugomba wala hakupandisha sauti.

"Basi endelea kumfikiria," akasema, akakata simu.